Mkutano mkuu wa kijiji: hoja isiachwe kwenye mengineyo

Vijiji vya Moshi Vijijini havikosi wasemaji. Shida ni kwamba wanayoyasema hayafiki kwenye bajeti ya halmashauri ya wilaya, na kwa maoni yangu mengi hupotelea kijijini kwenyewe, ndani ya ajenda na muhtasari.

Kisheria, mkutano mkuu huwakutanisha wakazi wote wa miaka 18 na zaidi, angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwao. Hata ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri hiyo haigawi bila mkutano kuridhia kwanza.

Sasa tazama ajenda zilivyozoeleka: kufungua, muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Banio la mfereji (pale maji yanapoelekezwa kuingia mferejini) lililobomoka linasubiri mengineyo, saa ambayo akina mama wengi wameshaondoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hoja inatolewa, makofi yanapigwa, mtendaji wa kijiji anaandika "wananchi walilalamikia maji". Kwa sentensi hiyo hakuna ofisi itakayotenga hata shilingi.

Mpelekee mtendaji hoja kwa maandishi wiki mbili kabla, na uombe iwe ajenda inayojitegemea, juu kabisa ya orodha. Azimio litaje kazi, inaanzia wapi na kuishia wapi, mita ngapi, wananchi watatoa nini (mawe, mchanga, siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea), halmashauri ya wilaya inaombwa nini, nani anafuatilia na tarehe ya kurudisha majibu. Lisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, maana muhtasari unaoandikwa nyumbani kesho yake hulegeza maneno. Mahudhurio yenye sahihi yaambatanishwe.

Kutoka hapo azimio linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani. Mwenyekiti wa kijiji ni mjumbe, kwa hiyo hana kisingizio. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti Aprili, lakini halmashauri ya wilaya hukusanya mipango miezi kadhaa kabla. Azimio la Oktoba lina nafasi. La Machi kwa kawaida husubiri mwaka mwingine.

Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo, si kusomwa harakaharaka tu: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, bakaa.

Mkutano ukifuata, wabane viongozi kwenye yatokanayo. "Linashughulikiwa" lisikubaliwe kuwa jibu. Ulizia barua ilipelekwa lini, ipo meza ya nani.