Elimu kwa umma: Kanisa Kuu la Mkunazini, chumvi na saruji

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani katika Mji Mkongwe, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, sisi tunaoshughulikia hifadhi ya majengo ya kale Unguja hatupiti njia bila kusimamishwa. Barazani, harusini, hata kwenye foleni ya daladala, swali ni lile lile: jengo gani linafuata? Wengi hulitaja Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, na wengi hao huja na dawa yake mkononi: lipigwe saruji lote, nje na ndani, mambo yaishe. Najua nia yao ni njema. Dawa yenyewe ndiyo inayoua.

Tuanze na bahari, maana bila bahari hakuna kinachoeleweka hapa. Mgeni anayeshuka Mkunazini leo haoni maji popote. Lakini zamani hori la bahari liliingia upande wa mashariki wa Mji Mkongwe, na jina la Darajani linatokana na daraja lililovuka hapo. Karne ya 20 hori likafukiwa, juu yake zikapita barabara na kujaa biashara. Kufukia hori si kuhamisha maji. Kanisa limesimama jirani na ukingo wa zamani wa hori hilo, na unyevu wenye chumvi bado unapanda kutoka ardhini kuingia kwenye misingi yake, kama miaka yote.

Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash bin Said aliukubali tarehe 5 Juni 1873. Hapa nasahihisha jambo ambalo nimelisahihisha mara nyingi hadi nimechoka: kilichofungwa ni soko, na kilichopigwa marufuku ni kusafirisha watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi amri ya mwaka 1897. Kwa hiyo anayewaambia wanafunzi wa skuli kwamba kanisa lilipojengwa watumwa wote walikuwa huru anawapotosha.

Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana wa Uingereza, maarufu kwa kifupi chake UMCA, ilipata kiwanja hicho mwaka ule ule wa 1873, na sehemu yake ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, kabla ujenzi haujamalizika. Aliyeusimamia ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Ukiingia ndani utaona altare yenyewe imesimama mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Sakafuni pamewekwa duara la marumaru nyeupe, na wekundu unaolizunguka unasimama badala ya damu. Ukutani upo msalaba wa mbao zilizotokana na mti wa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake.

Sasa umbo. Vitabu vya wageni huliita jengo la Kigothiki, yaani mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati, lenye mguso wa Kiarabu. Sina ugomvi na hilo: madirisha ni membamba na marefu yenye ncha juu, ukumbi ni mmoja mrefu, na upande wa altare unaishia kwa nusu duara. Ila wapo wanaosema matao yenye ncha ni "ya kizungu" yaliyopachikwa katika mji wa Kiislamu. Msikiti wa Ibn Tulun kule Cairo ulikamilika mwaka 879 na matao yake yana ncha. Sehemu ya altare ya kanisa la Saint-Denis nchini Ufaransa, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Kigothiki, iliwekwa wakfu mwaka 1144. Tao hilo lilikuwa nyumbani upande wa kusini kabla halijapanda kaskazini.

Kinachonishangaza mimi si matao. Ni paa. Makanisa ya Kigothiki ya Ulaya huwa na mbavu za mawe zinazobeba kuba, kisha juu yake mbao. Steere aliacha yote hayo, akafinyanga paa moja la mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland. Linavuka upana wa karibu mita 9 bila nguzo katikati. Kwa wakati ule, katika kisiwa hiki, ulikuwa ujasiri, na wapo waliosubiri limwangukie.

Basi hapo ndipo ninaponaswa na wabishi. "Mbona Askofu alitumia saruji?" Alitumia juu, kwenye paa, ambako alihitaji kitu kinachokauka haraka na kubeba uzito wake chenyewe. Kuta ni jambo jingine. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zinapumua: unyevu unaingia, unatoka, unabeba chumvi hadi kwenye lipu ya nje, na lipu inachakaa badala ya jiwe. Lipu ya chokaa ni kama nguo ya kazi, imewekwa ichakae. Ukifunika ukuta kwa saruji, unyevu hupanda juu zaidi kutafuta mlango, chumvi inakuwa fuwele ndani ya ukuta, inavimba, inasaga chokaa iliyoshika mawe. Nje panang'aa, ndani panageuka unga. Miaka inapita, siku moja kipande kizima cha lipu kinabanduka na mawe yake, na mwenye jengo anasema ni ajali.

Nyumba yako ya Mji Mkongwe inafanya vivyo hivyo, kwa hiyo nisikilize kuhusu kibali. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi za ujenzi ndani yake ziko chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kibali huombwa kabla ya kuanza, si baada ya fundi kumaliza ghorofa. Andika maombi. Ambatisha uthibitisho wa umiliki au idhini ya mwenye nyumba, na kama nyumba ni ya wakfu, idhini ya anayeusimamia. Ambatisha michoro ya jengo lilivyo na litakavyokuwa, yote miwili. Mmoja hautoshi, na nasema hivi kwa sababu mmoja ndio unaoletwa. Taja vifaa: chokaa, mbao, rangi. Subiri ukaguzi. Kibali ukikipata, kiwepo kwenye eneo la kazi, si kabatini. Ukibadili kazi katikati, unaomba upya. Kupaka lipu nako ni kazi ya ujenzi, hata kama fundi amekwambia "ni kupaka tu". Anayekiuka anaweza kusimamishiwa ujenzi, kupelekwa mahakamani, na kutakiwa abomoe alichofanya na kurudisha jengo lilivyokuwa, kwa gharama zake. Hilo la mwisho ndilo huwauma watu kuliko faini.

Nirudi Mkunazini kwa mawili yaliyobaki. La kwanza ni nguzo za karibu na birika la ubatizo, ambazo zimesimama kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Tafadhali msituandikie barua kutaka zigeuzwe. Kosa la mafundi wale sasa ni sehemu ya jengo, nalo linahifadhiwa.

La pili ni vile vyumba vya chini katika jengo la jirani, ambavyo watembeza wageni huviita mashimo ya watumwa. Wanahistoria kadhaa wanaeleza kuwa jengo lile lilijengwa na misheni kama hospitali, baada ya soko kufungwa. Mateso ya soko lile yalikuwa ya kweli na ushahidi wake ni mwingi. Hayahitaji chumba cha kuazima. Nawaomba watembeza wageni waseme "inasimuliwa", si "hapa ndipo".

Anayetaka kuona chumvi ikifanya kazi aende baada ya masika, ukuta unapoanza kukauka, atazame sehemu ya chini karibu na sakafu. Ataona unga mweupe. Unaondolewa kwa brashi kavu, laini. Usioshwe kwa maji, kwani maji huuyeyusha na kuurudisha ndani ya ukuta.