Alikimbia polepole kwa sababu alitaka kushinda

Kila mwaka fainali za jimbo za riadha ya shule za sekondari zikiisha hapa California, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Jamaa walioko Eldoret, Arusha na Minneapolis hunitumia picha ya matokeo, na chini yake swali ambalo kusema kweli si swali: "Kocha, huyu ndiye bingwa? 4:12? Huku kwetu hata fainali ya kaunti hafiki." Safari hii aliyeanza ni binamu yangu, tena mbele ya kundi zima la ukoo. Wajomba wakamuunga mkono, shangazi mmoja akaweka vikatuni vya kucheka. Basi naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia kiungo.

Nafundisha mbio za kati na ndefu katika shule ya sekondari ya umma. Sina jipya la kiufundi la kuwaambia wanaojua riadha. Ninaoandikia ni wale wanaojua riadha nusu.

Mambo mepesi kwanza, niyamalize. Shule za huku hazikimbii mita 1500. Zinakimbia 1600, raundi nne kamili, na 3200, raundi nane. Kwa hiyo 4:12 ya 1600 ni kasi ya 3:56 na kidogo kwenye 1500. Bado unaweza kucheka ukitaka, lakini cheka kwa hesabu sahihi. Na 1600 si maili. Maili ina mita 1609.344, kwa hiyo anayemaliza 1600 kwa 3:59 hajavunja dakika nne za maili, hata kama mtangazaji wa uwanjani amepiga ukelele hadi sauti imemkauka. Muda wa kushika kwa mkono uongezewe kidogo kabla ya kuulinganisha na wa mtambo. Basi.

Mwinuko nao ni kweli, na unaniponza kwenye mabishano kwa sababu unawapa nyinyi nguvu. Uwanja wa Nyayo, Nairobi, uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Clovis, ambako fainali zetu hufanyika, iko chini sana, bondeni. Kijana wa Nairobi aliyekimbia muda uleule na wa Clovis amefanya kazi kubwa zaidi, sibishi. Yapo majedwali ya kubadilisha muda wa nyanda za juu kuwa wa pwani, na vitabu huyaweka kana kwamba yameshuka mbinguni. Mimi kwa vijana wa miaka kumi na sita siyaamini sana. Mpandishe mmoja Iten, kule nyanda za juu za Kenya, raundi ya pili tu anatafuta hewa. Mwenzake wa umri uleule na mazoezi yaleyale hata hajui kama amepanda. Jedwali moja litawahudumia vipi wote wawili?

Sasa lile linaloniudhi: imani kwamba muda wa mshindi wa fainali ni kipimo cha uwezo wake. Akishinda kwa 4:12, basi yeye ni mtu wa 4:12, na kama mwezi Aprili alikimbia 4:05 basi "ameshuka kiwango". Nimeisikia kwa wazazi, kwa wajomba, na jambo la aibu kabisa, kwa makocha wenzangu.

Tukumbushane Rio 2016. Fainali ya 1500 ya wanaume, Matthew Centrowitz wa Marekani alitwaa dhahabu kwa 3:50.00. Tangu 1932 hakuna bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo aliyetumia muda mrefu hivyo. Nyuma yake, nafasi ya sita, alikuwa Asbel Kiprop wetu, ambaye mwaka mmoja kabla alikimbia 3:26.69 huko Monaco. Yaani mtu wa 3:26 ameachwa na mtu aliyekimbia 3:50. Wiki tatu baadaye, jiji lilelile, ikaja 1500 ya Paralimpiki ya daraja la T13, la wanariadha wenye uoni hafifu. Wanne wa kwanza wote walimaliza chini ya 3:50: Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa 3:48.29, na Mkenya Henry Kirwa akaondoka na shaba. Mitandao ikalipuka: hawa wangempokonya Centrowitz dhahabu yake!

Wasingempokonya. Na kusema hivyo si kuwadharau, maana mbio yao ilikuwa ngumu na ya haki. Ni kwamba Centrowitz hakuwa anakimbia 3:50. Alikuwa anakimbia nafasi ya kwanza. Alikaa mbele akaifinya kasi, akawalaza wenzake, halafu raundi ya mwisho akaifyatua kwa sekunde 50 na ushee. Ungewaweka Baka na Kirwa mle ndani, nao wangepita nusu ya mbio kwa kasi ileile ya kinyonga, halafu wangetakiwa kuipata ile 50.

Kinyume chake mnakijua vizuri kuliko mimi. Olimpiki ya London 2012, mita 800, David Rudisha alishika uongozi tangu mwanzo bila mweka kasi, akamaliza 1:40.91. Wa nane, wa mwisho kabisa, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77. Kwa mantiki ya binamu yangu, Osagie ni bingwa wa Sydney, Athens na Beijing kwa pamoja, kwa sababu dhahabu zote tatu za huko zilipatikana kwa muda mzito kuliko wake. Aliyekuwa mbele ndiye aliyewavuta wote. Muda wako kwenye fainali una mkono wa mtu mwingine ndani yake.

Rudi sasa kwenye uwanja wa shule. Raundi ya sekunde 63 ni karibu kilomita 23 kwa saa. Kwa kasi hiyo hewa ni mzigo, na anayekimbia mbele anaubeba kwa niaba ya wote. Kijana mwenye akili hataki kuubeba. Wapo kumi na wawili, kila mmoja ameambiwa na kocha wake asiongoze, na mlio wa bastola ukishapita wote wanatazamana. Raundi ya kwanza inakwenda kwa 67. Viwiko vinagongana, kuna anayekanyagwa kisigino na kubaki akivuta spaiki, kiatu chake cha misumari. Anayeongoza anainua macho kutazama skrini kubwa aone nani yuko nyuma, na mtu akishaanza kutazama skrini mimi najua mbio yake imekwisha. Raundi ya pili, 68. Jukwaani watu wanazomea. Mimi niko kwenye kona ya mita 200 nikipiga kelele "tulia, tulia" kwa Kiswahili, neno ambalo vijana wangu wote, wa kila asili, wanalijua, na makocha wa upande wa pili hawalijui. Raundi ya tatu, 64. Kengele ya raundi ya mwisho. Halafu 53.

Jumlisha: 67, 68, 64, 53. Ni 4:12. Mwingine huko kwao kakimbia 63, 63, 63, 63. Naye ni 4:12. Karatasi ya matokeo inasema hawa ni sawa. Mimi huyo wa pili ningemkaribisha chai. Wa kwanza ndiye angeninyima usingizi.

Na hatujagusa umbali wenyewe. Ukikimbia njia ya pili badala ya kubana ukingo wa ndani, raundi moja inaongezeka kama mita 7. Kwenye mbio ya msongamano, kijana anayeogopa kufungiwa ndani anakaa nje begani kwa mwenzake, na huo ni uamuzi mzuri kwa sababu mlango wake wa kutokea uko wazi. Lakini akikaa hivyo raundi zote nne amekimbia karibu mita 28 zaidi, ambazo kwa kasi yao ni sekunde nne na kitu. Hakuna safu ya "mita za ziada" kwenye matokeo. Nimewahi kumweleza mzazi mmoja jambo hili huku nikichora kwenye vumbi kwa fimbo ya bendera, akaniambia nina visingizio.

Halafu ratiba. Mchujo wa 1600 ni Ijumaa. Jumamosi, fainali ya 1600 inakuja karibu na mwanzo wa programu, na 3200 inakuja karibu na mwisho, kabla tu ya kupokezana vijiti 4x400. Anayetajwa kama nyota wa jimbo mara nyingi yumo kwenye zote mbili, na shule yake inahesabu pointi: wa kwanza ni 10, kwa 4:02 au kwa 4:20, ni zilezile 10. Kwa hiyo akiweza kushinda 1600 bila kufungua hazina yote, atashinda hivyo, na akifanya tofauti kocha wake atamuuliza. Kati ya mbio hizo mbili kuna kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Anavua spaiki, anavaa raba, anakimbia taratibu kama robo saa ili miguu isigande. Maji kwa mafunda, si chupa nzima. Nusu ndizi. Taulo la barafu shingoni, maana Clovis kipindi hicho joto halina utani. Na kivuli! Hakai juani kupokea pongezi za shangazi waliosafiri kwa muda wa saa tano. Shangazi wanakasirika. Wakasirike.

Sasa najua mtakachonijibu, kwa sababu mwenye kujua kidogo hunijibu hivyohivyo: mbona German Fernandez? Sawa, tumzungumze. Mwaka 2008, akitoka Riverbank, mji mdogo wa Bonde la Kati, Fernandez aliingia fainali za jimbo kule Cerritos College, Norwalk, akashinda 1600 kwa 4:00.29. Jioni ileile akarudi kwenye 3200 na kushinda kwa 8:34.23. Hakujificha nyuma ya mtu, hakusubiri kengele. Hadi leo nikiitazama mbio ile ya pili nasahau kumeza mate. Wiki chache baadaye akakimbia maili mbili kwa 8:34.40 na kuifuta 8:36.3 ya Jeff Nelson iliyokuwa imekaa tangu 1979.

Lakini Fernandez ni hoja yangu, si yenu. Alikuwa amewazidi wenzake kiasi kwamba mbinu hazikuwa na maana kwake. Kukimbia kwa nguvu tangu mwanzo ndiyo ilikuwa njia salama ya kushinda. Mwenye pengo la sekunde nane na wa pili anaweza kuidharau hali ya hewa, njia ya pili na viwiko. Mwenye pengo la nusu sekunde akijaribu hivyo anawabeba wapinzani wake mita 1,300 halafu wanampita wakimshukuru.

Hapa kuna jambo linalonisumbua na siwezi kulifunga vizuri. Mwaka uliofuata, akiwa mwaka wa kwanza Oklahoma State, Fernandez alikuwa bingwa wa vyuo vikuu katika 1500. Kisha majeraha yakamwandama, na hakufika kule walikomtabiria. Grant Fisher wa Michigan alivunja dakika nne za maili akiwa bado sekondari mwaka 2015, akakomaa polepole, na Paris 2024 akabeba shaba mbili, ya 5000 na ya 10,000. Watu huziweka hadithi hizi mbili kando kwa kando na kutoa hukumu: mmoja alichomwa mapema, mwingine alitunzwa. Ingekuwa rahisi hivyo, kazi yangu ingekuwa rahisi. Siamini kwamba jioni moja ya Juni humvunja kijana aliyeandaliwa. Naamini kinachovunja ni wiki zisizoonekana, kilomita za ziada za kumridhisha mtu mzima fulani. Ila kila mwaka ninapojaza fomu na kuandika jina la mtoto kwenye 1600 na 3200 kwa pamoja, mkono husita, na sijapata kitabu kinachonieleza mstari uko wapi kwa mtoto huyu mmoja aliye mbele yangu. Mwaka mmoja nafuta, mwaka mwingine naacha.

Wala sisemi muda hauna kazi. Makocha wa vyuo vikuu husoma muda kwanza, na udhamini wa masomo huanzia hapo. Ndiyo maana kuna mikutano ya kutafuta muda. Arcadia, hapahapa California, mwezi Aprili, usiku, hewa imetulia, 3200 yenye vijana wengi wanaotaka kitu kimoja: huko mtu anafuata kasi, na wa kumi na tano anaweza kuondoka na muda bora wa maisha yake. Ukitaka kujua kijana ana injini gani, tazama Arcadia. Ukitaka kujua anashinda nani, tazama fainali ya jimbo. Kenya yenyewe kwenye majaribio ya kitaifa mnafanya hivyohivyo: wa kwanza na wa pili ndio wanaotafutwa, na hakuna anayemrudisha bingwa nyumbani kwa sababu mbio ilianza kwa matembezi.

Kwa hiyo kabla hujanitumia picha, itazame mwenyewe. Angalia pengo kati ya wa kwanza na wa nane. Kama wanane wote wamo ndani ya sekunde mbili tatu na muda ni mkubwa, waliviziana, na kilichoamua ni mita 300 za mwisho. Huo muda hauwaelezi. Kama wa kwanza amemwacha wa pili kwa sekunde kumi na muda bado ni mkubwa, alikuwa peke yake, huenda kwenye upepo, huenda ana 3200 inamngoja. Tafuta muda wa kila raundi, siku hizi huwekwa. Tafuta alikimbia nini kingine siku hiyo na siku ya jana yake. Ukishakuwa na hayo yote na bado unaona bingwa ni dhaifu, nipigie, tubishane hadi usiku. Hesabuni tu saa kwanza: kukiwa saa nne asubuhi Eldoret, mimi huku nimelala.