Acheni kuziogopa nyuzi 75

"Fundi, kadi yangu imefika nyuzi 75. Si itaungua?"

Nimeulizwa tena juzi kuhusu kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za gemu kwenye kompyuta, na anayeuliza huwa ameshajitibu kabla ya kuja dukani. Ameng'oa ubavu wa kesi ya kompyuta, ameisimamisha feni ya mezani iipulizie kadi, kisha ameingia kwenye programu akapandisha feni za kadi hadi asilimia 100. Sasa anacheza FIFA huku kelele ikisikika chumba cha pili, na mama mwenye nyumba analalamika. Halafu anataka nimuuzie kadi "isiyo na kelele". Kadi aliyo nayo haina kosa lolote.

Waliotengeneza kadi wameandika kikomo chake cha joto. Kwa GTX 1050 Ti, mtengenezaji NVIDIA ameweka nyuzi 97 za Selsiasi, GTX 1060 nyuzi 94, GTX 1650 nyuzi 92. Na kadi haisubiri ifike huko ndipo ishtuke. Zile za GTX 10 huanza kujibana zikikaribia nyuzi 83: zinapunguza kasi na volteji zenyewe ili joto lisipande. Likipanda hata hivyo, kompyuta hujizima. Kwa hiyo nyuzi 75 katikati ya mechi ni kadi inayofanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, basi.

Mimi naangalia mabadiliko. Gemu ile ile, chumba kile kile, mwaka jana ilikuwa 70 na leo ni 84: hapo kuna ugonjwa, na mara nyingi ni vumbi au pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na kipozaji) iliyokauka. Mteja anayeniambia "imefika 75" bila kujua zamani ilikuwa ngapi hajaniambia kitu.

Tuje kwenye feni za asilimia 100. Kasi ya feni ikizidishwa mara mbili, kelele huongezeka kwa takriban desibeli 15, na hizo si kidogo kwa sikio. Joto halishuki kwa kiasi hicho. Kazi kubwa ya kupoza hufanyika feni ikitoka kusimama hadi mwendo wa kati. Kutoka hapo hadi mwisho unapata nyuzi chache tu, huku beringi zikiliwa na hewa nyingi zaidi ikivutwa ndani. Hewa yetu mnaijua. Kiangazi, ukikaa karibu na barabara ya murram, vumbi jekundu huingia hadi kwenye sahani. Ndani ya kadi linashikana katikati ya mapezi ya alumini yanayotoa joto mpaka linakuwa kama blanketi, na kadi inazidi kuchemka. Yaani kwa kuogopa joto, mtu amejitengenezea joto.

Ubavu wa kesi ulioondolewa nao una habari yake. Ukiutoa na joto likashuka sana, umegundua kwamba kesi haipumui: mbele pamezibwa, au hakuna feni ya kuingiza hewa. Rudisha ubavu, shughulikia mbele. Ukiiacha wazi unawakaribisha mende, na mende wa Kampala hawahitaji mwaliko.

Anayetaka kimya aanze na wati kabla ya kufikiria feni. Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka kama joto, kwa hiyo umeme usioingia hauhitaji kupozwa.

Kwanza funga idadi ya fremu, yaani picha za gemu kwa sekunde. Skrini za ofisi zilizotumika, ambazo wengi wenu mnazo, huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi inatengeneza fremu 140, themanini zinatupwa, na Yaka, mita yako ya umeme wa kulipia kabla, inahesabu yuniti zote. Weka kikomo cha 60 kwenye mipangilio ya draiva, programu inayoendesha kadi. Hatua hii peke yake imewatuliza wateja wengi kuliko feni yoyote niliyowahi kuuza, na ni bure, ndiyo maana hakuna anayeamini.

Pili, pakua programu ya MSI Afterburner. Ni bure pia, na hufanya kazi hata kama kadi si ya MSI. Shusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 80 hivi. Utapoteza fremu chache ambazo macho hayatazikosa. Mwenye subira aende mbele zaidi, apunguze volteji kidogo kidogo huku akijaribu gemu kila mara. Kiwanda huweka volteji ya kutosha hata kwa chipu dhaifu kuliko zote, na matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volteji, kwa hiyo punguzo dogo linalipa. Gemu ikianza kuganda, rudi hatua moja.

Tatu, panga mwendo wa feni. Mpango wangu: asilimia 40 hadi nyuzi 60, asilimia 60 ifikapo 75, na 100 ingoje 85. Msinibishie kabla ya kujaribu.

Na usafi. Kila baada ya miezi mitatu, pulizia vumbi nje ya nyumba, ukiwa umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Kwenye matundu ya mbele ya kesi vuta soksi ndefu ya nailoni ya kike, zile za bei ya chini pale soko la Owino. Inachuja vumbi vizuri kuliko vichujio vingi vya dukani, mradi uifue. Usipoifua inaziba, na utarudi kwangu na zile nyuzi zako.

Feni za kadi zikifa kabisa, usizunguke mji mzima ukitafuta zenye sura ile ile. Fungua kifuniko cha plastiki, funga feni mbili za milimita 120 juu ya mapezi kwa vibano vya plastiki, uziunganishe kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Programu ya bure iitwayo FanControl itazisimamia kwa kusoma joto la kadi. Feni pana husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache, kwa hiyo kelele hupungua. Sura yake haipendezi. Hakikisha tu kesi ina nafasi, kwa sababu kadi itanenepa.

Mengine ninayoambiwa dukani nitayapitia haraka.

"Feni hazizunguki, kadi imekufa." Kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni kwa makusudi mpaka joto lifike nyuzi 50 au 60. Fungua gemu, subiri, ndipo ulie.

"Kampala ni joto, lazima nipoze kwa maji." Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana haupiti nyuzi 30 mara nyingi. Maji nayo huishia kulimwaga joto kwenye hewa ya chumba hicho hicho. Hela hiyo ongezea kwenye kadi yenyewe.

"GB nyingi ndiyo nguvu." Hii inawatajirisha watu. GT 730 ya GB 4 yenye memori ya DDR3, aina ya zamani, ya upana wa biti 64 husafirisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1650, nayo ya GB 4, husafirisha 128. Kwenye boksi zote zimeandikwa 4. Muulize muuzaji jina la chipu, aina ya memori na upana wake. Akijibu "hii ni ya gemu, ssebo (bwana)," ondoka. Ukiona GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, lile la zamani la skrini linalotumia mawimbi ya analogi, ishuku sana, kwa sababu kizazi hicho kiliacha kutoa mawimbi ya analogi. Programu ya GPU-Z inazitambua nyingi za kughushi na huandika FAKE mbele ya jina.

"Optiplex yangu itabeba kadi yoyote." Optiplex 7010, kompyuta ya ofisi ya Dell, ile nyembamba ina pawa saplai ya wati 240 na inataka kadi fupi kimo. Tundu la kadi hutoa wati 75, hivyo tafuta GTX 1650 fupi isiyo na waya wa ziada, au RTX 3050 ya GB 6 ya wati 70 ukiwa na uwezo. RX 6400 hula wati 53 tu na ni kimya, ila hutumia njia nne tu za PCIe (tundu la kadi), kwa hiyo kwenye mashine ya zamani inapoteza kasi, na haiwezi kurekodi gemu kwa chipu yake yenyewe. RX 570 ya wati 150 iache kabisa. Zile adapta za kugeuza waya wa SATA (wa umeme wa diski) kuwa wa kadi nimeziona zimeyeyuka. Sizifungi hata ukinibembeleza.

"Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali imekwisha." Uchimbaji wa Ethereum ulikoma Septemba 2022 na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Kinachochoka zaidi ni feni na pedi za joto, na vyote hubadilishwa. Chipu huwa imekaa kwenye joto moja kwa muda mrefu, jambo ambalo halikuwa baya kwake. Nunua, lakini iwashwe mbele yako kwa nusu saa gemu ikiendelea, ukisikiliza feni na kutazama skrini kama ina mistari. Anayekataa kuiwasha, hata akipunguza bei, mwachie kadi yake.