Panya hatapiki: acheni kumwongezea dozi

Mwezi huu dawati letu la kuchunguza mizoga ya panya hapa Dar es Salaam limepokea lalamiko lilelile mara nyingi: sumu ni feki, panya anaila, anaitapika, kesho yuko darini tena. Ndugu wananchi, panya hatapiki. Ubongo wake hauna mfumo wa kuendesha tendo hilo, na misuli ya kiwambo (ukuta unaotenganisha kifua na tumbo) huibana njia ya umio barabara.

Lipasue tumbo lake uone. Upande wa kushoto ni mweupe na mwembamba, karibu upitishe mwanga. Wa kulia ni mwekundu na mnene, na katikati umepita ukingo kama mshono wa nguo. Kwenye hadubini, upande mweupe hauna hata tezi moja: ni tabaka za seli bapa zilizofunikwa keratini, mfano wa ngozi ya kisigino. Binadamu hana sehemu hiyo. Upande mwekundu umesheheni tezi. Seli nono za waridi hutoa asidi, na chini yake zipo za zambarau zinazotoa pepsinojeni, malighafi ya kimeng'enya kinachosaga protini.

Asidi hiyo ndiyo inayoigeuza zinki fosfaidi, ile sumu ya panya ya unga wa kijivu kilichokolea, kuwa gesi ya fosfini inayoua. Tumbo la mtoto wako nalo lina asidi. Ukiongeza dozi chini ya kabati, unamwongezea nani?

Panya anaponea kwa kuonja kidogo na kuacha. Tena sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuua, kwa hiyo kumwona kesho yake si ushahidi wa lolote.

Anayetaka tuchunguze mzoga auvalie glavu (homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na panya, ipo), auweke kwenye mifuko miwili, kisha kwenye boksi lenye barafu, na autufikishie siku hiyohiyo. Usiugandishe kwenye friza. Chembe za barafu huchana seli. Kwa joto letu tumbo hujimeng'enya lenyewe ndani ya saa chache, na sisi tunahitaji kulilaza kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, kulizamisha kwenye nta na kulikata vipande vya mikromita 4 hadi 5. Uji hatuwezi kuukata.

Kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, hata kama kinapimwa kwa kijiko kando ya barabara. Dai pakiti yenye lebo na uitunze. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali na pakiti hiyo mkononi.