Snow White hakupewa sumu, alipaliwa

Wazazi wanatuuliza sana hospitalini, eti hawa watu wa kwenye hadithi za kale za Ulaya walikuwa na magonjwa gani hasa. Swali zuri na mimi nalipenda, maana ukitaka kulijibu inabidi ufanye kazi ileile ya daktari, unasikiliza dalili, unauliza kipi kilianza kipi kikafuata, halafu unatafuta kile ambacho hakikai sawa.

Chukua Snow White, binti wa hadithini aliyepewa tofaa na malkia mwenye wivu. Kila mtu anasema sumu. Sasa rudi kwenye toleo la kwanza la mwaka 1812 la ndugu wawili wa Kijerumani waliokusanya hadithi, akina Grimm, binti kang'ata tofaa, kadondoka hapohapo, kawekwa kwenye jeneza la kioo, baadaye mtumishi aliyechoka kulibeba hilo jeneza kila mahali anapandwa na hasira, anamwinua binti anampiga mgongoni na kipande cha tofaa kinachomoka kooni, binti anaamka. Jamani, sumu haitoki kwa kupigwa mgongo. Huyo alipaliwa. Matoleo ya baadaye yanasema wabebaji walijikwaa tu, lakini mimi naona lile la kwanza lina elimu zaidi. Kisichowezekana hapo ni muda, kwa sababu ubongo ukikosa oksijeni unaanza kuumia ndani ya dakika chache, kama 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo atakayemuokoa mtu ni yule aliye naye mezani, ukisubiri gari la wagonjwa peke yake umechelewa.

Aliyepaliwa kweli anashika shingo, hawezi kuongea, hawezi kukohoa kwa nguvu. Kama bado anakohoa vizuri mwache akohoe. Asipoweza, muinamishe mbele umpige katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja mara 5, haijatoka basi simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili uvute ndani kwenda juu mara 5, halafu unarudia. Mjamzito mbane kifuani, sio tumboni. Mtoto chini ya mwaka 1 usimguse tumbo kabisa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mgongo mara 5, mgeuze ubonyeze kifua mara 5. Na tafadhali sana usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akizimia, mlaze chini uanze kubonyeza kifua huku mwenzako anapiga simu.

Yule binti wa hadithi ya Sleeping Beauty, aliyechomwa na kijiti cha kusokotea nyuzi akalala miaka 100, wengi wanawaza malale, lakini malale yanaletwa na mbung'o na mgonjwa anasinzia mchana usiku anakesha. Pepopunda nayo inaingia kwenye kidonda lakini inakaza misuli, hailazi mtu. Kinachokaribia ni sindromu ya Kleine-Levin, ugonjwa adimu mno unaowapata zaidi vijana, wavulana kuliko wasichana, mtu analala hata saa 20 kwa siku kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, akiamka anakuwa kama yuko ndotoni na wengine wanakula kupita kiasi, kisha anarudi kawaida kabisa mpaka siku imrudie. Nyumbani wanamuita mvivu, na hilo linaniuma.

Rapunzel, yule binti wa hadithini mwenye nywele ndefu mno, yeye ana ugonjwa uliopewa jina lake mwaka 1968. Mtu, mara nyingi msichana, anang'oa nywele zake anazila, tumbo haliwezi kuzisaga, zinajikusanya zinakuwa donge lenye mkia unaoshuka mpaka kwenye utumbo. Ukiona mtoto ana vipara visivyoeleweka, anashiba haraka, anatapika, anakonda, mlete. Donge kubwa linatolewa kwa upasuaji, ila bila msaada wa afya ya akili linaweza kurudi.

Sasa zipo zile hadithi za mtoto aliyebadilishwa, kwamba viumbe wa msituni wameiba mtoto mzima wakaacha wa kwao, asiyeongea, asiyekua, anayelia tu. Ukizisoma leo unaona dalili za watoto wenye usonji, au matatizo ya kuzaliwa nayo, au utapiamlo. Na "dawa" yake ilikuwa kumtesa huyo mtoto ili wa kweli arudishwe. Hata mtu mzima hakupona, Ireland mwaka 1895 Bridget Cleary aliugua, mumewe akaamini kwamba huyo sio mke wake, akamchoma moto, na mahakama ikamhukumu mume miaka 20 kwa kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo mtoto akifika miezi 16 hajatamka hata neno moja, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, au ukimuita jina hageuki, mlete kliniki wiki hiyohiyo, tunaanza kwa kumpima masikio.