Kipindupindu Kimefika Mtaani: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Kipindupindu kikiingia mtaa wa Nairobi kama Mukuru au Kayole, uvumi hufika kabla ya maafisa wa afya ya umma. Kati ya maneno yanayosambaa, kuna moja linaloua, na ndilo naanza nalo.

"Anayehara asinywe maji, atazidi kuhara." Si kweli. Kinachomuua mgonjwa ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Ugonjwa ukiwa mkali, mtu aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jua kutua. Ukimnyima maji, kuhara hakukomi. Mpe ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, mara tu anapoanza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijae kwa kilima, maana chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Akitapika, ngoja dakika 10 umpe tena, kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na muwe mnampeleka hospitali huku akinywa. Akishalegea na macho kuzama, anahitaji dripu. Wakitibiwa mapema, wanaokufa hawafiki 1 kati ya 100.

"Maji yetu ni masafi, yaangalie tu." Vimelea havionekani kwa macho. Pita kwenye vichochoro vyetu uone mipira ya maji ilivyolala ndani ya mtaro wa maji taka. Maji yakikatwa siku ya mgao, mpira wenye ufa huvuta uchafu ndani, na yakirudi yanaweza kutoka maangavu kabisa. Yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini usubiri nusu saa. Kisha yahifadhi kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, si ndoo ambayo kila mtu anatumbukiza kikombe na vidole vyake.

"Ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda." Mwaka 2017 waliougua ni pamoja na wageni wa kongamano katika hoteli ya kifahari hapa hapa Nairobi.

"Msikaribie nyumba ile." Hili linaniuma sana. Kipindupindu hakiambukizwi kwa kusalimiana mlangoni wala kwa kupumua hewa moja. Huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono iliyogusa kinyesi cha aliyeambukizwa. Jirani akitishiwa kufukuzwa kwenye ploti ataficha mgonjwa wake, na choo tunachotumia ni kile kile. Isitoshe, wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, ilhali kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku 1 hadi 10. Huyo unayemkwepa huenda si yeye peke yake mwenye vimelea. Saidia kumpeleka mgonjwa hospitali, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na choo kisafishwe kwa klorini siku hiyo hiyo.