MP3, WAV au OGG? Yanayosemwa kuhusu muziki wa gemu, na ukweli wake

Wimbo wa redioni una mwanzo na mwisho. Wa gemu unazunguka. Mchezaji akikwama kwenye hatua ya tatu kwa nusu saa, zile sekunde 90 ulizomwekea atazisikia mara 20, na dosari ambayo redioni ingepita bila mtu kuishtukia inamchoma sikio mara zote hizo. Wengi tunaotengeneza gemu nyumbani huchagua aina ya faili la muziki (MP3, WAV au OGG) kwa mazoea ya kusikiliza nyimbo, na hapo ndipo dhana nyingi zilipozaliwa.

"MP3 inachezwa na kila kifaa, basi tumia hiyo"

Kwamba inachezwa karibu kila mahali, ni kweli. Nami gemu yangu ya kwanza, ya kuruka vikwazo, niliijaza MP3 tupu. Kila muziki uliporudi mwanzo kulisikika kimya kifupi, kama mpiga ngoma aliyejikwaa. Nilidhani nimekata vibaya. Nikakata upya mara nne, tano, na kimya kikabaki palepale.

Kumbe mkasi haukuwa na kosa. MP3 huigawa sauti vipande vipande, kila kipande sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti, namba moja tu). Sauti ya kawaida ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo kipande kimoja ni kama sekunde 0.026. Muziki wako ukiishia katikati ya kipande, nafasi inayobaki hujazwa ukimya. Mwanzoni nako kuna ukimya mwingine unaotokana na hesabu zenyewe za kubana na kufungua sauti: LAME, programu inayotumika sana kutengeneza MP3, huongeza sampuli 576, na upande wa kufungua huongezeka nyingine zipatazo 529. Hapo umeshapoteza sekunde 0.025 kabla ya noti ya kwanza. LAME huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kuruka, lakini injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, isiposoma maandishi hayo, kigugumizi kinabaki. Kwenye muziki wa polepole wenye noti ndefu za kinanda huenda usikisikie. Kwenye ngoma, utakisikia.

OGG Vorbis, iliyotolewa rasmi na shirika la Xiph.Org mwaka 2002, haina ugonjwa huo, kwa sababu faili lake linajua sampuli ya mwisho ni ipi. Tena baadhi ya injini hukuruhusu kuchagua mahali pa kurudia. RPG Maker husoma alama mbili zinazoandikwa ndani ya OGG, LOOPSTART na LOOPLENGTH, hivyo utangulizi unapigwa mara moja tu na kinachozunguka ni kiini cha muziki. Godot, injini nyingine, nayo inakuachia kutaja sekunde ya kurudia.

Ila OGG haiponyi ukataji mbaya. Kosa la kawaida ni kukata mwangwi: kinanda cha mwisho kinalia, mwangwi wake bado haujaisha, muziki unaruka mwanzo, na sikio linahisi mlango umebamizwa. Dawa yake ni kupanga muziki mara mbili mfululizo kwenye programu yako ya kutengenezea muziki, kisha kuchukua mzunguko wa pili peke yake. Mzunguko huo unaanza ukiwa tayari umebeba mwangwi wa mwisho wa ule wa kwanza, na kiungo hakisikiki.

"WAV ndiyo ubora wenyewe, basi kila kitu WAV"

Piga hesabu. Sampuli 44,100, baiti 2 kila moja, pande mbili za spika: dakika moja inafika takribani megabaiti 10.6. Nyimbo kumi za dakika mbili mbili ni zaidi ya megabaiti 200. Zilezile zikiwa OGG ya kilobiti 128 kwa sekunde hazifiki megabaiti 20. Anayepakua gemu yako kwa bando la siku hataisubiri ile ya kwanza, na akicheza kwa spika ya simu hataisikia tofauti.

WAV ina mahali pake, nako ni kwenye sauti fupi: mruko, sarafu, risasi. Haihitaji kufunguliwa, hivyo hailemei prosesa hata sauti kumi zikilia pamoja. Maelekezo ya Godot yenyewe yanashauri hivyo, WAV kwa sauti fupi na OGG kwa muziki.

"Nikigeuza MP3 kuwa WAV, ubora unarudi"

Haurudi. Nguo iliyopauka ukiihamishia sanduku kubwa haipati rangi. Na ukigeuza MP3 kuwa OGG umebana kitu kilichokwisha kubanwa, unapoteza mara ya pili. Mwombe aliyekupigia biti akupe WAV ya asili, au FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. Asikurekodie kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hiyo ni Opus, aina nyingine ya sauti iliyobanwa, na hapo imebanwa kwa ajili ya maongezi. Kubadilisha jina la faili kutoka .mp3 kuwa .ogg nako hakubadilishi kitu, ingawa nimeona watu wakifanya na kulalamika kwamba injini ni mbovu.

"Faili dogo linakula kumbukumbu ndogo"

Kwenye diski, ndiyo. Lakini OGG ya megabaiti 2 ikifunguliwa yote kabla ya kuchezwa, ndani ya kumbukumbu inarudi kuwa na ukubwa wa WAV, takriban mara kumi. Ndiyo maana kwenye injini ya Unity kuna chaguo la kucheza huku inasomwa kidogo kidogo; muziki mrefu uwekee hilo. Kwenye pygame, ya wanaoandika gemu kwa Python, muziki uupitishe kwenye mixer.music, ambayo husoma hivyohivyo, badala ya mixer.Sound, ambayo hupakia yote.

"MIDI ni sauti mbovu za simu za zamani"

MIDI, ya tangu 1983, haina sauti ndani yake. Ina maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Ubovu uliousikia ulikuwa wa kifaa kilichopiga. Faili ni dogo ajabu, ila huwezi kujua litasikikaje kwa mwingine mpaka ulifungashe pamoja na sauti za ala zake.

Anayetaka udogo wa MIDI na uhakika wa sauti atazame moduli za treka, yaani faili za programu za kupangia noti ziitwazo treka. MOD ilianza mwaka 1987 kwenye kompyuta za Amiga. Aina za XM na IT zikafuata. Ndani ya faili moja kuna noti pamoja na vipande vya sauti za ala, hivyo linalia vilevile popote. Gemu ya Unreal ya mwaka 1998 ilitumia muziki wa namna hiyo.

"MP3 inalipiwa leseni"

Ilikuwa hivyo. Mpango wa leseni ulifungwa Aprili 2017.

Na kwa kuwa nimeisifu OGG sana: kama gemu yako inachezwa ndani ya kivinjari, kumbuka kuwa Safari ya iPhone kwa miaka mingi haikuisoma OGG. Kwa wenye simu za zamani weka nakala ya MP3 pembeni, na ukivumilie kigugumizi chake.